Nilifelisha jenereta ya watu kwa nusu desibeli, kumbe tatizo lilikuwa kutooana

Nianze na kosa lenyewe maana ndo lililonifundisha. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kwenye maabara ya kalibresheni hapa Dar (wenye Kiswahili chao rasmi wanaita ugezi, sisi tuliokuwa humo ndani tulisema tu kalibresheni), akaja mteja na jenereta ya mawimbi. Siyo jenereta ya umeme jamani, mama yangu mpaka leo akisikia napima jenereta anauliza inakula lita ngapi kwa saa. Hii ni boksi la mezani linalotoa mawimbi ya redio, unaliandikia gigahezi 1, unaliandikia +10 dBm ambayo ni miliwati 10, linakutolea. Kazi yetu ilikuwa kuhakiki kama kweli hizo miliwati 10 zipo. Kwa hiyo mashine mtengenezaji alikuwa anaruhusu kupishana nusu desibeli (dB, kizio cha kulinganisha nguvu) juu au chini, yaani kuanzia 9.5 mpaka 10.5 sawa, nje ya hapo imefeli.

Nikachukua pawa mita yetu na sensa yake (si ile sensa ya watu na makazi, ni kichwa cha mita kinachopokea mawimbi), na kwakuwa konekta ya jenereta iko chini kabisa mbele na sensa ni nzito sikutaka ining'inie pale ikaharibu uzi, nikaunga kwa kakebo ka RG-58 ka sentimita 30. Hasara ya kebo nilishaipima, kama 0.2 dB, nikairudisha kwenye hesabu. Ikasoma 9.46. Nikafungua nikafunga tena, 9.46. Nikaiacha nusu saa ipate moto vizuri nikarudi, 9.46. Mashine haitetereki hata kidogo, na hapo ndo nilipojidanganya, nikaona kwakuwa inarudia namba ileile basi namba ni ya kweli. Nikabandika stika nyekundu, nikajaza fomu, nikasaini kwa mbwembwe zote.

Siku mbili tu simu ikaja. Fundi wa upande wa mteja, mtaratibu kabisa.

"Dada samahani, hii mmeifelisha kwa pointi sifuri nne?"

"Ndiyo kaka, chini ya 9.5 ni chini tu, hata iwe pointi sifuri moja."

"Sawa, ila kwetu inasoma karibu na 10 kila siku."

"Mita yetu ina cheti kaka."

"Na yetu ina cheti dada."

Hapo ukimya. Mi moyoni nasema huyu anataka tu kupitishiwa mashine mbovu. Nikamwambia njoo, akaja kesho yake, kabeba jenereta na kebo yake aliyotengeneza mwenyewe, imekaa ndefu kidogo kuliko ya kwangu, sentimita 35. Hakubishana hata. Akaomba tu tutumie mita yetu hiyohiyo, sensa hiyohiyo, jenereta hiyohiyo, tubadilishe kebo peke yake. Nikafunga kebo yake, nikarudisha hasara yake, ikasoma 9.98.

Dah. Sentimita 5 za RG-58 kwenye gigahezi 1 zinakula labda 0.03 dB, na zinapunguza, haziongezi. Hizi zimeongeza nusu desibeli nzima. Nikabadilisha tena, yangu 9.46, yake 9.98, yangu 9.46, yake 9.98, kama tunacheza karata tatu pale na mi ndo naliwa. Nilichokuwa nawaza ni kwamba konekta moja imelegea, nikachukua tochi nikachungulia pini ya katikati, nikasafisha kwa spiriti na kijiti, hamna kitu, zote safi.

Tulikuwa na mzee mmoja pale, alishastaafu ila alikuwa anaitwa kazi zikiwa nyingi, muda wote yuko kwenye kona yake na kahawa na kashata, alikuwa anatuangalia tu. Akaja, nikampa shikamoo kwa mara ya pili siku hiyo kwa aibu, akaitikia marahaba mwanangu, akauliza swali moja tu: "Umejaribu kuishusha?"

Nikaishusha kutoka +10 mpaka 0 dBm. Ndani ya boksi ikalia *katak*, rilei ya atenueta, kile kipunguza nguvu, imeingia. Nikapima kwa kebo yangu, nikapima kwa kebo ya yule kaka. Zimepishana 0.05. Ile nusu desibeli yote imeyeyuka.

Akarudi kwenye kahawa yake. Hakueleza kitu mpaka jioni.

Sasa ngoja nieleze alivyonieleza, maana mi nilisoma haya mambo chuo na nilifaulu mtihani ila sikuwahi kuyaelewa mpaka siku ile. Ukisimama kwenye ukuta wa bahari pale Ocean Road maji yakijaa utaona wimbi linakuja linapiga ukuta linarudi, na lile linalorudi linakutana na linalokuja. Wakikutana vichwa kwa vichwa maji yanaruka juu mara mbili, kichwa kikikutana na bonde panatulia kana kwamba hamna upepo. Bahari ni ileile. Sasa weka kuta mbili, sensa upande huu na jenereta upande ule. Wimbi linatoka kwenye jenereta linafika kwenye sensa, sehemu kubwa inaingia, kidogo kinarudi. Kile kidogo kinarudi mpaka kwenye jenereta, na jenereta nayo siyo shimo linalomeza kila kitu, kwahiyo sehemu yake inapigwa tena kuelekea kwenye sensa. Ikifika inakuta wimbi jipya linapita. Wakienda hatua moja, sensa inapokea zaidi ya stahili. Wakipingana, inapokea pungufu. Na mita masikini inakusomea tu kilichoingia, haina namna ya kujua ilitakiwa iwe ngapi.

Kinachoamua kama watapatana au watapingana ni urefu wa safari, yaani kebo. Kwenye RG-58 wimbi linakwenda kama asilimia 66 ya kasi ya mwanga, kwahiyo kwenye gigahezi 1 urefu wa wimbi ndani ya kebo ni sentimita 19.8 hivi. Robo yake ni 5. Ukiongeza robo wimbi, safari ya kwenda na kurudi inaongezeka nusu wimbi, na waliokuwa wanapingana wanapatana. Yule kaka bila kujua alikata kebo ambayo ilikuwa kinyume kamili cha ya kwangu. Angekata sentimita 40 tungesoma sawasawa na wote tungekuwa tumekosea upande mmoja huku tumeridhika.

Hesabu yenyewe siyo ndefu. Kila upande una gama yake, yaani sehemu ya wimbi inayorudishwa. Kitu chenye SWR (namba nyingine ya kueleza jambo hilohilo, ikiwa 1 hakirudishi kitu) ya 2 gama yake ni 0.33, chenye SWR ya 1.2 gama yake ni 0.09. Nguvu inayofika kwenye sensa ni ile ambayo jenereta ingetoa kwenye mzigo kamili wa omu 50, ugawe kwa |1 − Gc × Gs| mraba, Gc ni gama ya chanzo na Gs ni ya sensa. Ile jenereta kwenye +10 chanzo chake kilikuwa kama SWR 2, sensa yetu 1.2. Zidisha 0.333 kwa 0.091 unapata 0.030. Inaonekana ndogo ila hiyo ni kwenye volti, kwenye nguvu unapiga mraba ile 1.03 au 0.97, inakuwa asilimia 6 juu au asilimia 6 chini, ndo ile 0.26 dB kila upande, jumla nusu desibeli na ushee kutoka shimoni mpaka kileleni. Namba zangu mbili, 9.46 na 9.98, zilikuwa zimekaa kwenye ncha mbili za hiyo hesabu kama mtu kazichora.

Kuna kitu kilinichanganya muda mrefu na naona kinawachanganya wengi, ngoja nikae nacho kidogo. Sensa yenye gama 0.09 inarudisha nguvu ya 0.09 mraba, chini ya asilimia 1. Kwahiyo mtu anasema si asilimia 1 tu hiyo, na tena kwenye cheti cha sensa kuna kipengele cha kalibresheni kwa kila masafa, unakiingiza kwenye mita, inarekebisha, tumemaliza. Ni kweli kipengele kile kinarekebisha nguvu ambayo sensa imeirudisha na ile iliyopotelea ndani yake. Ila hakirekebishi huku kupigwa tena na chanzo, na hakiwezi, maana aliyeipima sensa hakuijua jenereta yako. Alikuwa na chanzo chake. Wewe umekuja na chako. Cheti cha sensa ni cha sensa, na hapa shida ni ya wawili, ukibadilisha mmoja yote imebadilika. Ndo maana kwa Kiswahili napenda kusema haya mambo ni kutooana, siyo ubovu. Jenereta haikuwa mbovu na sensa haikuwa mbovu, hawakuoana vizuri tu, na kebo ndo mshenga.

Na rilei iliyolia katak? Ukishuka mpaka 0 dBm jenereta inaingiza atenueta ya desibeli 10 mlangoni. Wimbi linalorudi kutoka kwenye sensa linapita hapo likienda ndani na linapita tena likitoka, limekatwa desibeli 20, ile gama 0.33 inaonekana kama 0.033. Ukipima kwenye +10 atenueta imetoka, uko uso kwa uso na chanzo chenyewe. Mzee alijua hilo kabla hajanyanyuka kwenye kiti.

Kwahiyo jibu la haraka ni kuweka atenueta, wenyewe wanaiita pedi. Bandika pedi nzuri ya desibeli 6 au 10 mwisho wa kebo ya chanzo, uhesabu kinachotoka kwenye pedi badala ya konekta ya jenereta. Inafanya kazi. Ila mi pedi naiheshimu na kuiogopa kwa pamoja. Kwanza nguvu inapungua, siyo kila mtu ana za kumwaga. Pili thamani ya pedi lazima uijue kwa uhakika kuliko kosa unalolikimbia, pedi imeandikwa 10 dB kumbe ni 10.3 umebadilisha tatizo tu. Tatu pedi nayo ina gama yake. Nilishanunua pedi Kariakoo, imeandikwa vizuri mpaka gigahezi 6, nilivyoipima kwenye gigahezi 3 nikairudisha kwenye mfuko wake, sasa hivi inazuia mlango wa stoo usijifunge.

Wengine wanasema toa kebo, funga sensa moja kwa moja kwenye jenereta. Ukitoa kebo umeondoa hasara yake na umeondoa utetemekaji wake, vizuri, ila kule kupatana au kupingana bado kupo, umekugandisha tu sehemu moja usiyoijua. Utasoma namba ileile kila siku na kila siku imekosea kwa kiasi kilekile. Mi hiyo naiona mbaya zaidi maana inaleta usingizi.

Njia niliyoipenda, kwakuwa hatukuwa na vifaa vya maana, ni ya kebo mbili. Unatengeneza kebo mbili zinazozidiana robo wimbi, unapima kwa zote, unarudisha hasara ya kila moja, unachukua katikati. Kosa la moja linafuta la mwenzake. 9.46 na 9.98, katikati ni 9.72. Hiyo ndo ilikuwa namba ya ile jenereta, ipo ndani ya mipaka, imefaulu bila mizengwe. Nikatoa stika nyekundu kwa ukucha mbele ya yule kaka, gundi ikabaki, nikaisugua kwa spiriti ileile niliyosafishia konekta. Hakusema kitu, aliuliza tu kama tuna maji ya kunywa.

Nikawa na furaha ya kebo mbili kwa wiki nzima. Napima kila kinachoingia mlangoni. Ikaja jenereta nyingine ya kupimwa gigahezi 2, nikatumia kebo zangu mbili, 30 na 35, zikasoma sawasawa kabisa mpaka desimali ya pili. Nikaenda kwa mzee najitapa, hii bwana chanzo chake safi sana, kebo zote sawa. Akacheka mpaka kashata ikampalia. Kwenye gigahezi 2 wimbi ndani ya kebo ni nusu ya lile la mwanzo, sentimita 9.9, kwahiyo sentimita 5 zimekuwa nusu wimbi, kwenda na kurudi ni wimbi zima, umerudi palepale ulipotoka. Lazima zisome sawa, chanzo kiwe kizuri au kibaya. Nikatengeneza kebo ya sentimita 32 na nusu usiku uleule, nikapima, imepishana na ya 30 kwa 0.6 dB. Chanzo safi sana kumbe.

Toka hapo nikawa natengeneza nne nne. Kwa gigahezi 1 ni kebo nne zinazozidiana sentimita 2.5, ya kwanza, kisha 2.5, kisha 5, kisha 7.5. Kila hatua inazungusha safari nyuzi 90. Nne zikikamilika umezunguka duara zima, na hapo hupati wastani peke yake, unapata na gama ya chanzo yenyewe kama gama ya sensa unaijua: tofauti ya kebo ya kwanza na ya tatu inakupa upande mmoja wa duara, ya pili na ya nne inakupa upande mwingine. Hii nilifurahia maana kupima gama ya chanzo kilichowashwa ni shughuli, VNA, mashine ya kupima kifaa kinavyorudisha mawimbi, imezoea kupima vitu vilivyokaa kimya, jenereta inayotoa mawimbi yake na yenye saketi ya ndani inayojirekebisha kiwango haikai kimya. Gama ya sensa ndo tulikwenda kuipima kwenye VNA ya chuo kimoja, Jumamosi, tumebebana na sensa kwenye daladala imefungwa na kanga ndani ya begi, konda ananiambia dada pakata mzigo.

Ukishakuwa na gama zote mbili pamoja na pembe zake (yaani wimbi linarudi likiwa hatua ipi ya mzunguko wake) huna haja ya wastani, unarekebisha. Nitoe mfano wa moja niliyoihifadhi kwenye daftari. Gama ya chanzo 0.30 pembe nyuzi 40, gama ya sensa 0.09 pembe nyuzi −100. Zidisha ukubwa unapata 0.027, jumlisha pembe unapata −60. Toa hiyo kwenye 1, upande halisi unabaki 0.9865, upande wa pili 0.0234. Piga mraba ujumlishe, 0.974. Maana yake sensa imepokea asilimia 2.7 zaidi ya stahili, kama 0.12 dB, unaitoa kwenye usomaji. Hapo ndo nilipoelewa kwanini SWR peke yake haitoshi kurekebisha. SWR inakupa ukubwa, haikupi pembe. Bila pembe unajua kosa linaweza kuwa kubwa kiasi gani ila hujui limeelekea wapi, na ukirekebisha kwa kubahatisha upande una nafasi nzuri tu ya kuliongeza mara mbili.

Kama huna pembe basi huwezi kurekebisha, unaandika mashaka ya kipimo. Na hapa nilikuta tumekuwa tukikosea kwenye vyeti vyetu muda mrefu. Tulikuwa tunachukua ile asilimia 6 tunagawa kwa mzizi wa 3, kama tunavyofanya kwa kila kitu tusichokijua. Kumbe hii inagawanywa kwa mzizi wa 2, inatoka asilimia 4.3 badala ya 3.5. Sababu ni kwamba pembe inaweza kuwa popote kwenye duara, na ukizungusha duara kosa linakaa muda mwingi kwenye ncha kuliko katikati. Ni kama mtoto kwenye bembea, katikati anapita kasi, kule juu mbele na juu nyuma ndo anakawia. Ukipiga picha bila kuangalia, nyingi zitamkuta kwenye ncha. Mi mwenyewe nilimkuta kwenye ncha siku ya kwanza tu.

Mkasa wa splita sasa. Tulitaka kulinganisha sensa yetu ya kazi na sensa ya rejea, na njia nzuri ni kutumia splita, kigawanya mawimbi chenye mlango mmoja wa kuingilia na miwili ya kutokea, upande mmoja unakaa na sensa ya uangalizi, upande wa pili unabadilisha sensa mbili. Ukifanya hivyo chanzo unachokiona siyo tena cha jenereta, ni cha splita, na kinatakiwa kuwa kizuri mno. Tukaagiza, ikaja, ndogo ya kupendeza. Matokeo yakawa ovyo kuliko ya bila splita. Nikahangaika nayo siku tatu. Ya nne nikachoka nikachukua multimita ya kawaida, ile ya kupimia soketi, nikapima omu kati ya mlango na mlango. Mlango wa kwanza na wa pili, 33. Wa kwanza na wa tatu, 33. Wa pili na wa tatu, 33.

Basi, nikajua. Splita ya kazi hii ina rezista mbili tu za omu 50, ukipima kutoka mlango wa kuingilia kwenda wa kutokea unapata 50, na kati ya milango miwili ya kutokea unapata 100. Niliyokuwa nayo ina rezista tatu za omu 16.7, hiyo ni ya kugawa mawimbi kwenye kazi za kawaida, ukiangalia mlango wowote unaona omu 50 safi na ndo maana inadanganya. Ile ya rezista mbili ukiangalia mlango wake wa kutokea unaona omu 83, inaonekana mbaya, ila ukiitumia kwa kulinganisha pande mbili hesabu yake ya chanzo inajifuta inakuwa sifuri. Ya rezista tatu kwa matumizi hayohayo inatoka 0.5, sawa na SWR ya 3. Yaani nilinunua kitu kunipa chanzo bora nikapata kibaya kuliko jenereta mbovu. Sasa hivi kila splita inayoingia kwangu inapita kwenye multimita kwanza, hata iwe na muhuri wa nani.

Ila nisiwatie woga mkaanza kuona kutooana kila kona kama nilivyofanya mimi. Kipindi hichohicho niliitwa na kituo kimoja cha redio, transmita yao ya FM ya wati 1000 inasoma 930, meneja anasema ameibiwa wati 70. Nikaenda na kichwa kimejaa gama na pembe. Fundi wa pale alikuwa anatumia Bird 43, ile mita ya kuchomeka elementi, na ameunga kwenye dami lodi (mzigo wa majaribio unaokaa badala ya antena) nzuri tu, kinachorudi kama wati 2. Nikaanza kupanga hesabu za kebo, bahati nzuri kabla sijafungua mdomo nikakumbuka kuangalia karatasi ya mita. Usahihi wake ni asilimia 5 ya skeli nzima, elementi ni ya wati 1000, yaani wati 50 juu au chini popote sindano ilipo. 930 inaweza kuwa 980. Hamna cha wimbi kupatana na wimbi hapo, ni mita ya shamba inafanya kazi ya shamba, na kuizidishia hesabu ya desimali mbili ni kumpaka ng'ombe wanja. Tukachukua mita nyingine tukalinganisha, transmita ilikuwa inatoa 960 na kitu, meneja hakufurahi sana lakini alilala. Na kwenye wati 1000 usijaribu kubadilishabadilisha kebo kama mi na yule kaka, konekta ya N ikifunguliwa wakati transmita imewaka itakupa jibu kwenye vidole.

Yule kaka alirudi baada ya mwaka mmoja, na jenereta ileile, stika yetu ya kijani imeshafifia juu yake na chini yake bado unaona kivuli cha gundi ya ile nyekundu. Akaiweka mezani taratibu, akafuta vumbi kwa kiganja, akaniangalia.

"Dada, leo tunatumia kebo ipi?"

Nikafungua droo nikatoa zote nne na utepe wake mwekundu, nikamvutia kiti, nikamwambia kaka kaa utasubiri.